Sayansi ya Kukaa

Mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, walipanda miche ya mkoko katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, mahali palipokuwa pamekatwa miti hadi pakabaki matope. Miti ilipotimiza miaka 12, James Kairo na wenzake waliipima: unene wa shina, urefu, uzito. Makala yao ilichapishwa mwaka 2008, na ndani yake mna namba ambayo wanaoshughulika na mikoko wanaijua vyema. Kila hekta ilikuwa imebeba tani 106 na ushei za miti juu ya ardhi.

Toa 1994 kwenye 2008. Namba moja ilichukua miaka 14. Sasa tazama upande wa pili. Ruzuku nyingi za utafiti hudumu miaka mitatu. Zikiwa na bahati, mitano. Mwanafunzi wa uzamili ana miaka miwili, na nusu yake huishia kwenye masomo ya darasani na kusubiri vibali. Mhadhiri anayetaka kupanda cheo anahesabiwa makala alizochapisha tangu alipopanda mara ya mwisho. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye kalenda yake ingemruhusu kuusubiri mkoko ukue.

Nafanya kazi ya utafiti katika kaunti hiyohiyo, Pwani ya Kusini, baina ya Ukunda, Msambweni na vijiji vya Kinango kule bara. Kazi yangu ni konokono na minyoo. Katika sura hii nataka kusema jambo moja ambalo wenzangu wengi wanalikubali tukiwa kwenye chai, kisha tunalisahau tukifungua kompyuta: sehemu kubwa ya sayansi njema iliyotoka Kwale ilitokana na watu waliokaa. Na katika utamaduni wetu wa kitaaluma, kukaa hakuna safu ya kuandikwa alama.

Saa za kiumbe, saa za chuo

Kila kiumbe tunachokichunguza kina ratiba yake. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa hiyo timu ikichelewa barabarani ikafika shuleni saa tisa, hesabu ya siku hiyo itasema ugonjwa ni mdogo kuliko ulivyo. Vijidudu vya matende navyo hujitokeza kwenye damu ya ncha za vidole usiku. Kwa miaka mingi, kabla ya kupatikana vipimo vinavyofanya kazi wakati wowote, mtafiti wa matende alikuwa mtu anayebisha hodi watu wakiwa wamekwisha kula, akaomba tone la damu kwa mwanga wa tochi. Konokono wa kichocho, wale wa jamii ya Bulinus, kidimbwi kikikauka hujifukia matopeni wakangoja mvua. Ukienda Februari na chekecheo lako utarudi na sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Kwenye mikoko, anayeamua kama utaingia au utarudi ni maji: siku za bamvua yanakupa saa chache za kupwa, ukizubaa yanakukuta na vifaa begani.

Chuo nacho kina saa zake. Kuna muhula, kuna mitihani ya kusahihisha, kuna tarehe ya mwisho ya ombi la ruzuku, ambayo ni saa sita ya usiku katika mji ulio bara jingine. Kibali cha kitaifa hutoka kwa tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Kabla yake kuna kamati ya maadili, baada yake kuna kaunti, na baada ya kaunti kuna naibu kamishna, chifu na mzee wa mtaa. Sizilaumu hatua hizi. Nyingi zina sababu, na nitaeleza moja baadaye. Lakini karatasi ya mwisho ikisainiwa, mara nyingi mvua ya masika imekwisha kunyesha, maji yamekwisha kukauka, na mfadhili bado anangoja data ya msimu wa mvua.

Hapo ndipo mtafiti hujaribiwa. Si kwa kughushi; wanaoghushi ni wachache, na wengi wao hujulikana mwishowe. Jaribu la kawaida ni dogo zaidi: kuchukua sampuli inayopatikana, siku inayopatikana, kwenye kijiji kilicho karibu na lami, kisha kuandika makala safi kabisa. Kila namba iliyomo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba makala hiyo inajibu swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

Msambweni ilikwepa jaribu hilo kwa sababu mradi wake wa kichocho ulikuwa na muda. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, watu wa Wizara ya Afya, wakiwemo John Ouma na Eric Muchiri, walifanya kazi na Charles King wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland. Walianza kwa kulinganisha dawa mbili, metrifonati na prazikwanteli, kwa watoto wa shule. Mtu wa haraka angeishia hapo: dawa ipi inaua minyoo zaidi? Wao waliendelea kuwapima na kuwatibu watoto kwa miaka tisa. Uchambuzi wa data hiyo ulipochapishwa mwaka 2006, swali lilikuwa limegeuka kabisa. Sasa lilikuwa: mtoto akishapona, nani huambukizwa tena upesi, na kwa nini? Anakoishi mtoto kulikuwa mojawapo ya majibu, na umri wa chini ya miaka 12 ulikuwa jingine.

Na anakoishi maana yake nini? Mwaka 2004 kundi hilohilo, likiwa na Julie Clennon na Uriel Kitron, lilichapisha ramani ya kijiji cha Milalani, nyumba kwa nyumba. Maambukizi makali yalikuwa yamejikusanya kuzunguka sehemu ya maji yenye konokono wengi walioambukizwa. Ramani kama ile haichorwi na mgeni wa wiki mbili. Inahitaji watu wanaojua kidimbwi kipi kina jina gani, nani hufulia wapi, na njia ipi watoto hupita wakitoka shule. Maarifa hayo yalikuwa yamekusanywa kwa miaka kabla ya mtu kufikiria kuyaweka juu ya picha ya setilaiti.

Jopo la jarida na baraza la chifu

Makala ikienda kwenye jarida husomwa na wahakiki wawili au watatu wasiotajwa majina. Mhakiki wa kwanza kwa kawaida huwa mpole. Wa pili hutaka uongeze jaribio ambalo lingegharimu ruzuku nyingine, kisha hupendekeza usome makala tano, nne kati yake zikiwa za mtu mmoja ambaye unaanza kumshuku kuwa ni yeye. Tunanung'unika, tunajibu kwa adabu, tunashukuru kwa "maoni yenye kujenga." Kama chombo cha kuchuja makosa, pamoja na vituko vyake, mfumo huu umetusaidia.

Lakini Kwale kuna jopo jingine, nalo halifichi majina. Ni baraza. Mtafiti husimama, chifu humtambulisha, kisha huanza maswali. Yakichujwa, huwa matatu.

La kwanza: damu yetu inakwenda wapi? Mtafiti kijana hufundishwa kuliona swali hili kama mabaki ya hadithi za mumiani, wale watu wanaosemekana kuwanyonya wenzao damu itengenezwe dawa, hadithi ambazo Pwani zilikuwapo kabla ya taasisi yoyote ya utafiti kuwapo. Huambiwa dawa yake ni "uhamasishaji." Mimi sikubali. Sampuli kweli husafiri. Hutoka Msambweni zikaenda kwenye jokofu la Nairobi, nyingine zikapanda ndege, na huko huweza kupimwa miaka baadaye kwa swali ambalo aliyezitoa hakuwahi kusikia likitajwa. Kamati za maadili huuliza jambo hilohilo kwa lugha ya fomu: sampuli zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa na haki juu yake? Mzee anayeuliza barazani amefika penye kiini bila kupitia fomu. Jirani zetu wa Kilifi, kwenye mradi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza, walilitambua hili mapema, wakaunda mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na jamii ili maswali kama hayo yawe na mahali pa kudumu pa kuulizwa. Hii ndiyo sababu sizilaumu zile saini za chifu na mzee wa mtaa.

La pili: kwa nini wao na si sisi? Swali hili lilistahili kuulizwa kuanzia mwaka 2015 kwa mradi wa TUMIKIA, jina lililofupishwa kutoka Tuangamize Minyoo Kenya, Imarisha Afya. Kaunti iligawanywa katika maeneo 120. Katika baadhi, watoto wa shule pekee walipewa dawa ya minyoo mara moja kwa mwaka. Katika mengine, jamii nzima mara moja. Katika yaliyosalia, jamii nzima mara mbili. Nani angepata nini liliamuliwa kwa kura. Jaribu kumweleza mama ambaye kijiji jirani kinapata dawa mara mbili, na kijijini kwake wanapewa watoto tu, kwamba hii ni haki. Jibu la kweli ni moja, nalo ni gumu kulitamka mbele ya watu wanaokuita daktari: hatujui njia ipi ni bora, ndiyo maana tunapima.

Angalau jibu lilipatikana. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili, minyoo ya safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 palipotibiwa watoto wa shule tu. Palipotibiwa kila mtu mara moja kwa mwaka ilishuka kutoka 17.9 hadi 8.0, na palipotibiwa kila mtu mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2. Kwa maneno ya baraza: mkimtibu mtoto mkamwacha mama na babu, minyoo inabaki nyumbani.

La tatu: majibu mtaleta lini? Hili ndilo linalotuaibisha zaidi, kwa kuwa bajeti nyingi huisha siku data inapokamilika. Kuna fungu la kukusanya, kuna fungu la kusafiri kongamanoni. Fungu la kurudi kijijini, kama lipo, huliwa na mafuta ya gari kabla ya mwaka wa mwisho.

Na kurudisha majibu ni kazi ya kitaaluma, tena ngumu. Chukua utafiti wa ivermektini uliofanyika Kwale mwaka 2023 na kuchapishwa mwaka 2025, ukiongozwa na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na KEMRI-Wellcome. Dawa hii ilitokana na bakteria wa udongo aliyekusanywa Japani na Satoshi Ōmura, ikaendelezwa na William Campbell, na mwaka 2015 wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel. Watu wa Kwale walipewa mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kwa wazo kwamba mbu anayemuuma mtu aliyeimeza atakufa. Maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, kwa kulinganisha na waliopewa dawa nyingine. Kwenye vichwa vya habari, 26 hugeuka kuwa ushindi. Barazani hugeuka kuwa robo, na mtu atauliza robo tatu iko wapi. Lazima umwambie kwamba robo hiyo ni nyongeza juu ya neti, si badala ya neti. Asiiondoe neti kitandani. Mtafiti asiyeweza kulieleza hilo kwa dakika tano, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mimi huwa na shaka kama analielewa mwenyewe.

Majina juu ya makala

Sarafu ya taaluma ni jina. Wa kwanza kwenye orodha ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mwenye maabara na fedha, na wa katikati ni wengine. Soma makala za Kwale utaona anwani za waandishi: Cleveland, Stanford, Nagasaki, London, Edinburgh, Brussels, Barcelona. Siku hizi utaona pia Mombasa, Nairobi na Kilifi, tena mara nyingi zaidi kuliko zamani, na hayo ni maendeleo. Ukunda na Msambweni mara nyingi utazikuta mahali pawili: kwenye ramani, na kwenye shukrani.

Kwenye shukrani ndiko waliko watu ninaotaka kuwazungumzia. Kuna wapimaji wa darubini ambao wamehesabu mayai ya kichocho kwa zaidi ya miradi sita, na ambao daktari mwenye shahada tatu huwapelekea kioo chake wakikague. Kuna wakusanyaji konokono wanaowatofautisha kwa jicho kabla ya mtu kufungua kitabu. Kuna wahudumu wa afya ya jamii wanaojua nyumba ipi imehama na ipi imezaa, na ambao bila wao hakuna orodha ya washiriki. Mradi ukiisha, mkataba wao huisha. Mradi mwingine ukija, huajiriwa upya kwa ngazi ileile, wakafunzwa na kijana aliyefika juzi kazi ambayo wao ndio walioianzisha. Mkuu wa mradi huondoka na wasifu mrefu zaidi. Kumbukumbu ya sayansi ya Kwale hubaki kwao, nao hawana hata barua ya ajira ya kudumu.

Watu husema kanuni haziruhusu waandikwe kama waandishi. Kanuni zinazofuatwa na majarida mengi ya tiba ni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, iliyoanzia mkutano wa Vancouver mwaka 1978. Zinataka mambo manne: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, uwe umeshiriki kuandika au kuhakiki makala, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwalo. Mpimaji wa Msambweni hutimiza sharti la kwanza, kisha huambiwa hajatimiza la pili. Hakutimiza kwa sababu hakuna aliyemtumia rasimu. Na kamati yenyewe imelisema wazi: aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Kinachomwacha nje ni mazoea yetu. Kanuni ziko upande wake.

Nakiri kuna hoja ya upande wa pili. Jina kwenye makala ni dhamana, na kumwandika mtu ambaye hawezi kuitetea kazi ni kumdanganya msomaji. Basi na akae mezani data inapochambuliwa. Anayejua kwa nini kidimbwi fulani kilikauka mwezi usiotarajiwa ana la kusema kuhusu ile nukta iliyotoka nje ya mstari.

Ubaya wa kukaa

Nisiipambe hoja yangu kupita kiasi. Kukaa nako kuna madhara. Kijiji kinachopimwa mara kwa mara huchoka. Watoto huijua hojaji kwa moyo, na wazazi hujua jibu lipi humfurahisha muulizaji. Miradi huvutwa pale palipo na mradi, kwa kuwa kuna maabara, umeme na watu waliofunzwa, hivyo vijiji vya karibu na barabara ya Lunga Lunga huandikwa tena na tena huku sehemu kavu za ndani zikibaki karibu tupu kwenye ramani zetu. Pia kuna mtafiti anayekaa hadi akajiona mwenye mali: kidimbwi chake, kijiji chake, data yake. Kijana akija na swali jipya huambiwa hilo tulishalifanya mwaka 1990. Mwenye tabia hiyo hajakaa kwa ajili ya sayansi, amekalia.

Kukaa ninakokutetea ni kwa taasisi zaidi ya mtu. KMFRI imekuwa Gazi wakati wakuu wake wakibadilika. Chuo Kikuu cha Nagasaki na KEMRI waliweka Kwale utaratibu wa kuandikisha vizazi, vifo na uhamaji wa watu, kazi isiyo na mvuto wala tuzo, ambayo watafiti wengi baada yao wameitegemea.

Nini kihesabiwe

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya kaboni inayozuiliwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Fedha zake zimeingia kwenye maji na kwenye shule. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mnunuzi wa kaboni hakubali makadirio ya hivihivi. Anataka kujua mti hukua kwa kasi gani katika tope hilo hasa. Vipimo vya miaka 12 ndivyo vinavyompa mtu uwezo wa kujibu.

Sasa mpe mhadhiri anayetafiti Gazi fomu ya kupandishwa cheo. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilitoa alama kwa machapisho, kwa wanafunzi aliowasimamia na kwa ruzuku alizoleta. Huduma kwa jamii ilikuwa na sehemu yake. Miaka 12 ya kutunza shamba la majaribio haina mstari. Kidimbwi kilichohesabiwa konokono kila mwezi bila kukosa hakina mstari. Majibu yaliyorudishwa barazani hayana mstari. Kijana mwenye akili huusoma mfumo upesi: huchukua mada inayoisha upesi, hukata matokeo vipande vitatu, hupata alama tatu.

Marekebisho ninayoyaona hayahitaji bunge. Seti ya data iliyotunzwa kwa miaka mingi na kufunguliwa kwa wengine ihesabiwe kama chapisho. Kila pendekezo la utafiti liwe na fungu la kurudisha majibu, lililofungwa, lisiloguswa na mafuta ya gari, na kamati za maadili zikatae pendekezo lisilo nalo. Kaunti, ambayo tayari ina sauti katika vibali, iulize swali moja la ziada: mradi huu utawaajiri akina nani waliokwisha kufunzwa hapa, na kwa ngazi gani? Na rasimu ya makala imfikie kila aliyekusanya data kabla ya kumfikia mhariri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwale imewakaribisha watafiti wengi, wa nje na wa Nairobi, kwa zaidi ya miaka 40, na wengi tumekula siku zetu mbili tukaaga. Kwa mwanafunzi anayekuja mwaka huu na pendekezo lake mkononi, ushauri wangu ni wa jembe: kabla ya kuandika swali lako, tafuta waliohesabu hapo kabla yako, uwaulize walikoishia, uanzie hapo. Kisha andika, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, jina la mtu atakayeendelea kuhesabu ukishaondoka.